Panga Nyumba Kabla Mgeni Hajafika: Linux Yako ya Kwanza Ndani ya VirtualBox

Kila mwaka vyuo vikifunga, ofisini kwetu huja vijana wa field, wanne au watano, na kazi ya kwanza ninayowapa haibadiliki: sakinisha Linux nzima, yenye madirisha na kila kitu, ndani ya Windows uliyonayo, bila kuigusa Windows yenyewe. Nawapa siku moja. Wapo wanaomaliza kabla ya chai ya saa nne. Wapo wanaokuja kesho yake macho mekundu: "Dada, imegoma."

Mimi mwenyewe ya kwanza ilinichukua wiki nzima, na si kwa kuwa Linux ni ngumu. Nina daftari ninamoandika makosa yao na yangu, na kila nikilipitia naona jambo moja: mgeni mara nyingi hana hatia. Waliokosea ni wenye nyumba.

Nikisema mwenyeji nina maana ya laptopu yako pamoja na Windows yake. Mgeni ni Linux inayokuja kukaa ndani. Kati yao kuna programu, kwa mfano VirtualBox, inayomdanganya mgeni kwamba amepata kompyuta yake mwenyewe: diski anayoiona ni faili tu ndani ya diski yako, kadi ya mtandao haipo kabisa, na skrini ni dirisha moja kati ya madirisha yako. Hiyo ndiyo kompyuta pepe. Mgeni hajui lolote kuhusu nyumba aliyomo, ila chakula anakula kweli. RAM atakayokula ni ile ile uliyonunua.

Jambo lenyewe si la jana. IBM walikuwa wakiigawa mashine moja kubwa ionekane kama mashine nyingi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakaitangaza kwa wateja bidhaa waliyoiita VM/370. Kwenye kompyuta ndogo kama zetu lilichelewa, kwa sababu prosesa za x86, yaani hizi za Intel na AMD, hazikuundwa kwa kazi hiyo. VMware walipotoa programu yao mwaka 1999 iliwabidi watumie ujanja mwingi. Mwaka 2005 Intel wakaanza kuweka msaada ndani ya prosesa yenyewe, wakauita VT-x, na mwaka 2006 AMD wakafuata na wa kwao, AMD-V. Nakutajia haya kwa sababu msaada huo una swichi, na swichi hiyo ndiyo kosa namba moja katika daftari langu.

Laptopu nyingi, hasa hizi za mtumba, zinafika mikononi mwetu swichi ikiwa imezimwa. Ukifungua VirtualBox utaona dalili mojawapo kati ya mbili: ama orodha ya mifumo inakuonyesha ya biti 32 tu, ama unabonyeza Start na kukuta ujumbe mrefu wenye neno VT-x au AMD-V ndani yake. Kijana mmoja aliupata ujumbe huo akadhani programu imeharibika. Akaipakua VirtualBox upya mara tatu, na ISO, lile faili la kusakinishia Linux, mara mbili, kwa bando lake mwenyewe. Tatizo lilihitaji dakika nne.

Kwa hiyo, kabla hujapakua chochote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", kisha "CPU", utazame palipoandikwa "Virtualization". Ikiwa "Enabled", endelea. Ikiwa "Disabled", zima laptopu, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, ile mipangilio ya laptopu inayotangulia Windows: F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Humo tafuta "Virtualization Technology" au, kwa prosesa za AMD, "SVM". Iwashe, hifadhi, toka. Tahadhari moja: ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, hakikisha unao ufunguo wa dharura kabla ya kugusa BIOS, maana Windows inaweza kukudai ufunguo huo ikihisi mlango umeguswa.

Kisha kuna kobe. Ukishawasha mashine, tazama chini kulia kwenye dirisha la VirtualBox. Ukiona picha ya kobe mdogo wa kijani, usidhani ni pambo. Maana yake Windows yenyewe imekwisha kuikalia ile swichi kwa ajili ya Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa kompyuta pepe, na VirtualBox imeomba ipande nyuma. Itakwenda, ila kwa mwendo wa huyo huyo kobe. Chanzo huwa ni Hyper-V yenyewe, au "Virtual Machine Platform" inayotumiwa na WSL2 (njia ya Windows ya kuendesha Linux ndani yake), au ule ulinzi wa Windows 11 uitwao "Memory integrity". Hivyo viwili vya kwanza unaweza kuvizima kwenye "Turn Windows features on or off", ukijua kwamba WSL2 nayo italala. Memory integrity ni ulinzi wa kweli. Kwenye laptopu ya ofisi usiizime bila kumwuliza anayehusika. Na ikiwa kobe anakwenda mwendo unaovumilika, mimi humwacha.

Sasa chakula.

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa na RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Nilisoma mahali kwamba Ubuntu inapenda RAM nyingi, nikaipa GB 3. Mgeni akala akashiba, mwenyeji akalala njaa. Taa ya diski ikawaka bila kupepesa, kipanya kikaganda, na baada ya robo saa nikashikilia kitufe cha umeme mpaka ikazima. Ripoti ya mwenzangu, iliyokuwa wazi kwenye Word bila kuhifadhiwa, ikaenda nayo. Niliiandika upya usiku ule mimi mwenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Windows ya sasa, ukiwa na kivinjari chenye kurasa kadhaa, hutaka GB 3 hadi 4 ili ipumue. Ukiwa na GB 8, mpe mgeni 3, yaani MB 3072, na ukifunga kivinjari unaweza kufika 4. Usivuke nusu. VirtualBox inakusaidia kwa mstari wenye rangi: kijani ni salama, nyekundu ni kwamba unajitafutia. Kore za prosesa mpe mbili. Moja inamfanya mgeni atambae, na kumpa zote ni kurudia kosa la RAM kwa njia nyingine. Memori ya video, ipandishe mpaka 128, haina gharama kubwa.

Mwenye GB 4 tu? Nitasema bila kuzunguka: ongeza RAM kwanza. Na mwenye diski ya kuzunguka, kama fedha inatosha kitu kimoja tu, GB 8 ukiwa nazo tayari, nunua SSD, diski isiyozunguka. Hakuna mpangilio wowote ndani ya VirtualBox utakaokupa mabadiliko kama hayo.

Linux ipi? Watu hubishana sana hapa, na ubishi wenyewe hauna faida kwa anayeanza. Ubuntu 24.04 inapendekeza RAM ya GB 4 na diski ya GB 25, na ISO yake ni karibu GB 6. Linux Mint, ile yenye Xfce (madirisha mepesi), imejengwa juu ya Ubuntu hiyo hiyo, inaweza kuanza na RAM ya GB 2 japo 4 ndiyo inayopendekezwa, na ISO yake ni karibu nusu ya ile. Kwa laptopu za GB 8 mimi huwapa vijana Mint Xfce. Amri utakazojifunza ni zile zile, apt ya kusakinishia programu ni ile ile, na kitufe cha kuanzia kiko kushoto chini, mahali ambapo mtu wa Windows hukitafuta. Mwenye GB 16 achukue Ubuntu kama roho yake inataka.

Mwenye Mac yenye prosesa za Apple kuanzia M1 ana habari nyingine: prosesa yake ni ya ARM, kwa hiyo ISO ya kawaida ya amd64, ya prosesa za Intel na AMD, haitamfaa, atafute ya arm64, na programu kama UTM, inayofanya kazi ya VirtualBox, itamsumbua kidogo kuliko nyingine.

Kabla ya kupakua, uliza walio karibu. Faili la GB 3 likishaingia ofisini au hosteli halina haja ya kuingia mara ya pili kwa bando la mtu mwingine. Ila likikujia kwa flashi, au hata ukilipakua mwenyewe, lipime. Fungua Command Prompt ndani ya folda yenye faili, uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, nawe ulinganishe herufi zinazotoka na zile zilizo kwenye tovuti ya Mint au Ubuntu. Zikitofautiana hata moja, faili ni bovu. Mwaka fulani vijana watatu walikwama wote mahali pamoja, usakinishaji ukifika karibu na mwisho unakata, na kila mmoja akilaumu laptopu yake. ISO ilikuwa moja, ya flashi moja, na upakuaji wake ulikuwa umekatika katikati ya safari.

Hapo hapo kwenye flashi: flashi nyingi zinauzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. ISO ya Ubuntu haitaingia, na Windows itakuambia faili ni kubwa mno huku ukiona flashi ina nafasi tele. Ifomati kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

VirtualBox yenyewe ni bure na chanzo chake kiko wazi. Ilianza kwa kampuni ya Kijerumani iitwayo Innotek, Sun wakainunua mwaka 2008, na Oracle walipoichukua Sun mwaka 2010 ikaenda nayo. Kile kifurushi cha nyongeza kiitwacho Extension Pack kina leseni yake: bure kwa matumizi binafsi na masomo, si bure kwa kampuni. Kwa somo hili hukihitaji. Usikisakinishe kwenye mashine ya ofisi kwa sababu tu umekiona pale.

Unapobonyeza "New", utaandika jina, utachagua ISO, na hapo ndipo pana mtego ambao ningependa uukwepe. VirtualBox kuanzia toleo la 7 inajitolea kukusakinishia yenyewe bila wewe kujibu maswali. Inasikika vizuri. Kijana mmoja aliikubalia, akaenda kunywa chai, akarudi akakuta Ubuntu imekaa tayari, akafurahi. Jina la mtumiaji lilikuwa vboxuser na nywila changeme, ambavyo hakuvichagua yeye. Alipojaribu kusakinisha programu ya kwanza kwa sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, akajibiwa kwamba vboxuser hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Alikuwa mpangaji ndani ya nyumba yake. Kuna njia ya kujinasua, lakini kwa anayeanza ni afadhali kufuta na kuanza upya, safari hii ukikataa huo usakinishaji wa kujiendesha, uitwao "Unattended Installation". Maswali yale ya usakinishaji ndiyo somo lenyewe. Ukiyaruka umepata mashine, hujapata ujuzi.

Diski mpe GB 40, na uiache iwe ya kukua yenyewe, usitie tiki ya kuijaza yote mara moja. Maana yake faili la diski linaanza dogo, likikua kadiri mgeni anavyoweka vitu. Kwangu Mint mpya hukalia karibu GB 10. Lakini kumbuka tabia yake: linakua, halipungui lenyewe. Ukiweka sinema za GB 15 ndani ya mgeni kisha ukazifuta, mgeni ataona nafasi imerudi, Windows haitaiona.

Mashine ikiwaka kwa mara ya kwanza itakuletea Mint yenye mandhari nzuri, menyu, kivinjari, kila kitu. Hiyo bado haijasakinishwa. Inaendeshwa kutoka kwenye ISO, na ukizima, chochote ulichofanya kinayeyuka. Nimewahi kumkuta binti mmoja amefanya kazi humo asubuhi nzima, ameandika hati, amebadilisha rangi, halafu akawasha upya. Bonyeza ile ikoni ya "Install Linux Mint" iliyo pale juu ya skrini, ndipo safari inapoanza.

Njiani utaulizwa mpangilio wa kibodi. Usipite haraka. Laptopu zetu nyingi za mtumba zinatoka Ulaya, na kibodi ya Uingereza na ile ya Marekani zinabadilishana mahali pa @ na alama za kufunga na kufungua usemi. Nywila yenye @ utaiandika kwa mpangilio mmoja, kisha uingie kwa mwingine, na utaapa kwamba Linux imesahau. Kwenye kile kisanduku cha majaribio andika nywila yako uione kwa macho kabla ya kuendelea. Ikiwa laptopu ni ya Kijerumani, Y na Z nazo zimehamiana.

Kisha linakuja swali linalowatoa watu jasho: "Erase disk and install Linux Mint". Futa diski.

Kila mwaka pana mtu anayeniita hapa. Anasimama nyuma ya kiti, hataki hata kugusa kipanya. "Dada, inasema itafuta diski." Namwuliza: diski gani? Nani anaiona? Mgeni hajawahi kuiona diski yako ya Windows; anachoita diski ni lile faili la VDI ulilomtengenezea dakika kumi zilizopita, ambalo ni tupu. Tazama ukubwa unaoandikwa pale: GB 40 ulizompa wewe. Akifuta, anafuta utupu. Bonyeza.

Lakini hofu ile siidharau, na wala simcheki mtu. Maneno hayo hayo, herufi kwa herufi, utayakuta ukiichoma ISO kwenye flashi na kuwasha laptopu halisi nayo, na hapo yana maana yake kamili. Jamaa yangu mmoja alijizoeza vizuri ndani ya VirtualBox, mikono ikawa myepesi, kisha akataka Linux ya kweli kwenye laptopu ya dada yake. Alipofika kwenye swali hilo akabonyeza bila kusoma, kwa mazoea. Picha za harusi zilikuwa humo. Tangu hapo nawafundisha vijana waseme kwa sauti ukubwa wa diski wanaouona kabla ya kubonyeza. Ukisikia kinywa chako kinasema 500 wakati ulitoa 40, simama.

Chaguo la kupakua vitu vya ziada wakati wa kusakinisha, kama kodeki za video, liache tupu ukiwa kwenye bando. Mwisho utaambiwa utoe kifaa cha usakinishaji kisha ubonyeze Enter. Hakuna cha kutoa; kwa kawaida VirtualBox imekwisha kuiondoa ISO. Bonyeza Enter. Ikikurudisha tena kwenye Mint ya ISO, nenda "Settings", "Storage", uitoe mwenyewe.

Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha kisitoke, bonyeza Ctrl ya kulia. Laptopu ndogo nyingine hazina Ctrl ya kulia. Badilisha kitufe hicho kwenye mipangilio ya VirtualBox kabla hujanaswa, si baada yake.

Mgeni akishaingia kwa miguu yake, skrini inaweza kuwa finyu, huwezi kunakili maneno kutoka Windows, na folda hazipitiki. Hapo unahitaji Guest Additions, ambazo kwa kifupi ni kumfundisha mgeni adabu za nyumba. Mint mara nyingi huja na sehemu yake. Zikikosekana, fungua terminali, andika sudo apt update, kisha sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r). Baada ya hapo nenda menyu ya "Devices", chagua "Insert Guest Additions CD image", fungua CD itakayotokea, na uendeshe faili la VBoxLinuxAdditions.run kwa sudo. Washa upya. Wengi huruka ile hatua ya kwanza ya vifaa vya kujengea, wakaona maandishi mekundu, wakakata tamaa. Ujumbe unakuambia kinachokosekana, usome.

Folda ya pamoja ukiitengeneza utaikuta ndani ya /media kwa jina linaloanza na sf_, na ukijaribu kuifungua utanyimwa ruhusa. Andika sudo usermod -aG vboxsf $USER, kisha utoke kabisa na kuingia tena. Kufunga terminali na kuifungua hakutoshi. Na shirikisha folda moja ndogo, si C nzima. Ukimpa mgeni funguo za vyumba vyote, yale niliyosema kuhusu kufuta utupu hayatakuwa kweli tena.

Mtandao una maswali mawili yanayorudi kila mwaka. La kwanza: "Mbona haina Wi-Fi?" Haina kwa sababu mgeni anaona waya tu, VirtualBox inamwonyesha kadi ya kebo hata kama wewe uko kwenye Wi-Fi ya simu. Fungua kivinjari, utaona intaneti ipo. La pili: kwa nini huwezi kumfikia mgeni kutoka Windows kwa anwani yake ya 10.0.2.15? Kwa sababu mpangilio wa mwanzo ni NAT: yeye anatoka nje kupitia kwako, wa nje hawamfikii. Siku utakapohitaji kumfikia, utaongeza kadi ya pili ya aina ya "Host-only". Siku za mwanzo, NAT inatosha na ni salama.

Ila bando! Windows unaweza kuiambia kwamba mtandao huu ni wa kulipia, ikapunguza ulaji. Mgeni hana habari hiyo. Anaamini amechomekwa kwenye waya usiokwisha. Ubuntu hasa hupakua masasisho ya usalama yenyewe, kimyakimya. Masasisho ni mazuri, nayataka, lakini nayataka nikiwa kwenye mtandao wa ofisi. Nikiwa nyumbani naenda "Devices", "Network", natoa tiki kwenye "Connect Network Adapter". Ni sawa na kuchomoa waya, na mgeni analala mapema.

Kufunga nako kuna namna yake. Ukibonyeza X kwenye dirisha utaletewa machaguo matatu. Kuhifadhi hali ilivyo ni kama kumwambia mgeni asimame hapo hapo asipepese jicho. Ukirudi, anaendelea na sentensi yake. Kutuma ishara ya kuzima ni kumwomba alale kistaarabu. "Power off" ni kukata umeme kwenye mita. Tumia hiyo ya tatu pale tu alipoganda. Na tukitaja umeme: ukiwa kwenye laptopu yenye betri iliyochoka, umeme ukikatika katikati ya masasisho unaweza kuacha mgeni wa nusu nusu ambaye hawaki. Hapo ndipo utashukuru kwamba una snapshoti.

Snapshoti ni kuipiga mashine picha, diski na hali yake yote, ili uweze kurudi hapo. Nenda "Machine", "Take Snapshot", ipe jina la maana. Mimi huandika "safi, kabla ya kugusa chochote", pamoja na tarehe. Chukua ya kwanza mara tu Guest Additions zikishakaa, kabla hujajaribu lolote. Kisha moja kabla ya kila jaribio kubwa.

Usizirundike. Snapshoti si nakala ya akiba. Zinategemeana kama matofali, ziko kwenye diski ile ile, na diski ikifa zinakufa pamoja. Tena zinakula nafasi. Niliwahi kuwa na kumi na moja kwenye mashine moja, nikijisifu kwa uangalifu wangu, mpaka diski ya Windows ikajaa na VirtualBox ikamsimamisha mgeni katikati ya kazi. Kilichonishangaza ni kwamba kufuta snapshoti nako kunahitaji nafasi, kwa kuwa lazima yaliyomo yaunganishwe na yale yanayobaki. Nilihamisha folda mbili za picha kwenda diski ya nje ndipo nikaweza kufuta ya kwanza. Siku hizi sizidishi tatu. Na usiingie kamwe kwenye folda ya mashine kufuta au kuhamisha mafaili ya VDI kwa mkono. Fanya kila kitu kupitia VirtualBox yenyewe, maana ina kumbukumbu zake za nani ni mtoto wa nani. Akiba ya kweli ni "Export Appliance", inayokupa faili moja la OVA la kuweka kwenye diski ya nje, au kumpa mwenzako aanzie ulipoishia wewe.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kuweka Windows 11 kama mgeni. Inawezekana: inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0, chipu ya usalama, na VirtualBox kuanzia 7.0 inaweza kumwigizia TPM hiyo. Leseni ni juu yako. Kwenye laptopu ya GB 8 sikushauri.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, kwa hiyo, nawaambia vijana wamvunje. Chukua snapshoti, kisha ondoa ruhusa za folda ya /etc, inamokaa mipangilio ya mfumo, uone nini kinakataa. Badilisha jina la /etc/fstab, orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka, washa upya, usome maandishi yatakayokuja. Jaza diski mpaka mwisho. Ondoa kifurushi kinachoshikilia madirisha, ubaki na skrini nyeusi yenye mstari mmoja unaopepesa, na ujaribu kurudi kutoka hapo kwa amri tu, kwa muda wa saa moja. Ukishindwa, zima, bonyeza snapshoti ya asubuhi, bonyeza "Restore". Windows yako kule nyuma itakuwa bado inacheza muziki ule ule.